Nusu ya Jibu

Jumatatu saa tisa mchana, kigoda cha Sheryl kilikuwa kimetoka mahali pake.

Si jambo kubwa. Kigoda chenyewe ni cha plastiki, rangi ya waridi, cha mtoto wa miaka mitano kukalia akinywa uji, na siku zote hukaa chini ya meza ya televisheni. Sasa kilikuwa kando ya mlango wa jikoni, kimeelekea kochi, vile mtu angekiweka akitaka kusikiliza mazungumzo ya wenyewe bila kujiingiza. Nanjala alikitazama, akafyonya, akakirudisha kwa mguu.

Watu husema majini hutembea usiku. Hayo ni majini ya watu walio na payslip. Mtu wa kazi haijui saa tisa ya nyumbani, saa ambayo court nzima, mtaa wa geti moja wa Kitengela, imehamia Nairobi na Athi River, mabati yanalia kwa jua, na vumbi la malori ya machimbo linatua kwenye nguo ulizoanika asubuhi. Saa hiyo hubaki watoto wa nursery, hubaki Musila, askari wa geti, mwenye masikio ambayo hata paka akipita juu ya ukuta atamwita kwa jina, na hubaki waliosoma wakakosa kazi.

Nanjala alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Miaka ishirini na saba, digrii ya falsafa na masomo ya dini, daraja la second upper, ambayo mama yake ameitundika sebuleni Bungoma juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. CV alikuwa ametuma mpaka laptop ikachoka kabla yake. Aliishi kwa dadake mkubwa, Lorine, na kazi yake ilikuwa kumtazama Sheryl, mtoto wa Lorine, kuanzia saa sita hadi mamake arudi kutoka Industrial Area. Watu wa kanisa wakimuuliza, "Na wewe siku hizi uko wapi?" alikuwa akijibu, "Mimi ni mwanafalsafa. Nafikiria nitakula nini."

Na alikuwa na kitabu. Mhadhiri mmoja alipostaafu aliacha maboksi kwenye korido, mwenye kutaka achukue. Nanjala akaokota kijitabu chembamba cha mahubiri ya Kibudha, kimetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu aliyeandika kana kwamba amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kwa wiki mbili alikuwa akikisoma kwa sauti ili Sheryl alale mchana. Hakuna dawa ya usingizi kama kile kitabu. Kila jambo linasemwa, linarudiwa, halafu linarudiwa tena kwa maneno yale yale, hadi unashangaa kama mpiga chapa alikuwa akilipwa kwa uzito.

Jumatatu hiyo walifika hubiri la mtawa na Mwenye Njaa. Mtawa amekaa kibandani mwake. Anakuja mgeni, tumbo kama pipa, koo kama tundu la sindano, anasimama mlangoni.

Nanjala akasoma: "'Nipe jicho lako,' akasema Mwenye Njaa. Mtawa akajibu: 'Jicho hili lilikuja bila kuniuliza, na litaondoka bila kuniaga. Si langu mimi, si lako wewe. Kaa chini.' Na Mwenye Njaa akakaa, kwa upande wa jicho."

Sheryl alikuwa amefumba macho. Nanjala akageuza ukurasa. Nipe sikio lako. Sikio hili lilikuja bila kuniuliza. Akageuza tena. Pua. Ulimi. Mwili. Akili. Neno kwa neno, kurasa tatu nzima.

"Aki hawa watu," akasema. "Haya. Sikio vivyo hivyo, pua vivyo hivyo, na wengine wote same story. Mwisho."

Sheryl akafumbua macho. "Anti, umeruka."

"Sijaruka. Nimefupisha. Point si umeipata?"

"Umeruka. Na yeye anasema umeruka."

"Yeye nani?"

Mtoto akaelekeza kwa midomo. Kigoda kilikuwa kimerudi kando ya mlango wa jikoni. Na kutoka pale, chini chini, ikaja sauti kama ya mrija unaofyonza soda iliyokwisha.

Nanjala alisema ni bomba la maji. Kitengela maji huja mara mbili kwa wiki, na bomba tupu hulia kila namna. Alijiambia hivyo na akajiamini, kwa sababu mtu wa second upper lazima ajiamini.

Jumanne saa tisa alimwita Sheryl anywe uji. Sheryl hakugeuka. Akamwita tena, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake, akadondosha sufuria kwa makusudi. Mtoto aliendelea kuchora. Alipoguswa bega alishtuka, akatazama mdomo wa anti yake ukicheza, akaanza kulia. "Anti, mbona unaongea bila sauti?"

Jumatano, baada ya daktari wa kliniki kuchungulia masikio yote mawili na kusema hayana kasoro, maziwa yaliungua jikoni hadi moshi ukatanda. Sheryl, ambaye siku zote harufu ndogo ya maziwa kuungua humfanya atapike, alikaa katikati ya moshi akila biskuti. Nanjala mwenyewe alisikia harufu mbili. Moja ya maziwa. Nyingine ilikuwa ya pumzi ya mtu aliyefunga siku nyingi, ile pumzi chachu ya tumbo linalojila lenyewe, na ilitoka upande wa kigoda.

Alhamisi saa tisa Sheryl alifungua mdomo kuomba maji na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Ulimi ulilala mdomoni kama kipande cha nyama ya mtu mwingine.

Lorine alilia jioni ile yote. Mumewe, Wangila, alikuwa kazini Lodwar na simu yake haikushika. Asubuhi Lorine aliomba ruhusa kazini, akambeba mtoto mgongoni kama wa miezi mitatu, akampeleka hospitali Kajiado. Nanjala akabaki akifua, maana mikono ikikosa kazi kichwa hujipa kazi.

Saa tisa Naipanoi akabisha. Naipanoi ni msichana wa maziwa, hutoka upande wa Isinya na jerikeni mbili kwenye pikipiki, earphone moja sikioni, na akikupimia maziwa huku anagombana na mtu kwa simu.

"Takwenya," akasalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Nanjala akajibu. Alikuwa amefunzwa na huyu huyu.

Naipanoi akachungulia ndani, akatazama kando ya mlango wa jikoni. "Leo ameenda wapi?"

"Sheryl? Wako hospitali na mamake."

"Si mtoto. Yule mzee wenu wa kigoda." Akamimina maziwa bila kuinua macho. "Tangu juzi namsalimia, hanijibu. Nikasema labda ni mgonjwa. Tumbo kubwa hivi, shingo kama ya korongo. Si ni ini?"

Nanjala akaitua sufuria chini.

"Naipanoi. Anafanya nini, huyo mzee?"

"Anangoja. Ni vile hujawahi kaa na wazee wetu. Mgeni akifika mnapeana habari. Ng'ombe wako aje, watoto wako aje, mvua iko aje. Kila kitu kinaulizwa na kila kitu kinajibiwa, hata kama unajua jibu. Ukimjibu moja halafu uingie kwa nyumba, huyo hajafukuzwa na hajakaribishwa. Atakaa mlangoni na maswali yake." Akafunga jerikeni. Kisha akamwangalia Nanjala usoni kwa mara ya kwanza, na akatoa earphone. "Kwani si mtu wenu?"

Simu ikalia. Lorine. Alikuwa akihema. "Nanjala, amelegea. Tulikuwa kwa line ya daktari, amelegea tu, shingo, mikono, yote, kama nguo. Macho ndio yananiangalia. Nanjala, kuna kitu kimekaa hapa kwa benchi karibu na yeye na watu wote wanahama wakisema kunanuka."

Hapo Nanjala akafungua kitabu. Jicho, lililojibiwa. Sikio, Jumanne. Pua, Jumatano. Ulimi, Alhamisi. Mwili, leo. Akaweka kidole kwenye neno la mwisho. Akili. Kesho saa tisa.

Lorine aliporudi magharibi, Nanjala alimwonyesha mstari kwa mstari. Lorine alisoma ukurasa wa kwanza, ule wa Mwenye Njaa na jicho, akarusha kitabu kwenye kochi kama kimemuuma.

"Wewe ndiye umeleta hii kitu kwa nyumba yangu."

"Mimi ndiye nimeruka. Acha nisome yote, Lo. Kesho akija. Jibu liko hapa ndani."

"Kuna Bible kwa hii nyumba!"

"Na hiyo pia unasomanga verse moja kwa status. Hebu niambie ukweli, ni lini mtu kwa hii court amemaliza kusoma kitu?"

Lorine akamzaba kofi. Halafu akatoa simu, akapiga picha ule ukurasa wa kwanza, akaanza kuandika kwa vidole viwili huku machozi yakidondokea kioo. Nanjala alisoma juu ya bega lake. *Watu wa Mungu, simameni na sisi. Mtoto wangu anakufa. Hiki ndicho kitabu cha shetani. Someni mjue adui.* Akatuma kwa group ya kanisa. Akatuma kwa group ya court.

Jumamosi saa nane na nusu Pasta Githongo alifika na Phylis wa idara ya maombi. Githongo ni mtu wa hardware siku za kazi na wa madhabahu Jumapili, sauti yake hutosha bila maikrofoni. Alimtazama Sheryl aliyelazwa kochini, macho wazi, mwili kama mto usio na sufi. Alisema, "Kitabu kiko wapi?" Lorine akampa. Jiko la makaa lilikuwa linawaka nje barazani.

"Pasta," Nanjala akasema akijipanga mlangoni, "ukichoma hicho umechoma jibu. Swali litabaki. Swali liko na miguu."

"Binti, mimi na wewe hatutabishana juu ya miungu ya kigeni."

"Sisemi juu ya mungu! Kuna mtu ameuliza maswali sita, amejibiwa moja! Hata HR wangenitumia barua ya regret, pasta. Huyu hata regret hajapewa!"

Githongo akampita. Kitabu kikatua juu ya makaa. Nanjala hakufikiri. Mwanafalsafa mzima hakufikiri hata kidogo, aliingiza mkono motoni kama mtu anayetoa hindi choma, akakitoa, akakipiga kwenye sketi yake huku ngozi ya vidole ikinuka. Jalada lilikuwa limekwenda. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mweusi, ukimeguka kila akiugusa.

Ndani, Phylis akapiga yowe moja fupi, na wote wakakimbilia sebuleni.

Ilikuwa saa tisa kamili, jua limejaa hadi pembeni, redio ya jirani ikicheza, na bado sebule ile ilikuwa imepoa kama tangi la maji la asubuhi, na kigoda cha waridi kikawa kinasogea peke yake sakafuni, hatua kwa hatua, kikikwaruza vigae, kutoka mlango wa jikoni hadi kando ya kochi, kikibonyea katikati kwa uzito wa kitu ambacho jicho likikilenga linateleza, ila pembeni ya jicho unaona tumbo, na juu ya tumbo shingo nyembamba ndefu inayopinda ikitafuta mahali pa kuinamia, ikainamia uso wa mtoto, na ile sauti ya mrija ikaanza, ikifyonza, ikifyonza, na harufu ya njaa ikajaa hadi machozi yakawatoka, na Phylis akatoka mbio akiacha viatu. Githongo alibaki. Alikuwa anatetemeka hadi meno yanasikika, lakini alishika nyayo za Sheryl kwa mikono yake miwili na hakuziachilia.

"Soma," akanong'ona. "Kama utasoma, soma."

Nanjala alipiga magoti. "Wewe! Huyo hukumuuliza. Mimi ndiye nilikuwa nasoma."

Sauti ikaja nyembamba, kama upepo kwenye tundu la kitasa. "Wewe hukuwa unasikiliza. Yeye alisikiliza."

Hilo lilimchoma kuliko makaa. Akafungua kitabu, na akasoma. Hakufupisha. "Nipe sikio lako. Sikio hili lilikuja bila kuniuliza, na litaondoka bila kuniaga. Si langu mimi, si lako wewe. Kaa chini. Na Mwenye Njaa akakaa, kwa upande wa sikio."

Redio ya jirani ikapandisha wimbo. Sheryl akageuza macho upande wa dirisha.

"Nipe pua yako. Pua hii ilikuja bila kuniuliza, na itaondoka bila kuniaga." Maneno yale yale. Alikuwa ameyadharau kwa kuwa ni yale yale, na sasa aliyasikia jinsi yalivyo: mlango mmoja unafungwa, halafu mwingine, halafu mwingine, na nani mwenye akili timamu atafunga mlango mmoja kati ya sita akalale? Pua ya Sheryl ikakunjamana. Ulimi, na sauti ndogo iliyokwama siku mbili ikatoka, "Anti." Mwili, na Githongo akalia kwa nguvu, kwa sababu nyayo zilimpiga teke.

Halafu ukurasa mweusi.

"Nipe akili," sauti ikasema, na shingo ikainama zaidi. Sheryl akamtazama mamake. Alimtazama vile mtu hutazama ukuta. "Huyu ni nani?" akauliza. Lorine akatoa sauti ambayo Nanjala hakuwahi kumsikia nayo hata kwenye kaburi la baba yao.

Nanjala alijua maneno. Mtu yeyote angeyajua, kwa kuwa ni yale yale. "Akili hii ilikuja bila kuniuliza, na itaondoka bila..."

"Hayo unasoma," sauti ikasema. "Hujibu. Hiyo akili, moyoni bado unasema ni yako."

Na kweli. Jicho, pua, mwili, vyote angeviachilia bila shida. Akili ndiyo kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Aliishikilia kama mtu aliyesimama kwa foleni siku nzima ameshikilia kitambulisho. Akiiachilia, atakuwa nani? Mtu wa kuosha vyombo kwa dadake.

Sheryl akasema tena, kwa upole, "Na mimi ni nani?"

"Sawa," Nanjala akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa mlikuwa na hasira. "Sawa. Si yangu. Nimeitembeza Nairobi yote, hakuna mtu ameitaka, wewe ndiye wa kwanza kuomba, na bado sikupi, kwa sababu si yangu ya kupeana. Ilikuja na mama yangu akiuza maziwa. Ilikuja na walimu, na vitabu vya watu waliokufa zamani. Itaenda siku yake na haitaniaga. Si langu hilo jina kwa karatasi, si yangu hiyo second upper. Lakini sikia vizuri, wewe wa tumbo. Unanitisha na njaa? Mimi ni Nanjala. Nilizaliwa mwaka mahindi yalikauka shambani, na kwetu Bukusu mtoto wa mwaka huo anaitwa njaa. Nimeitwa njaa kabla nijue kula. Njaa ni jina langu, na hata hilo si langu. Si yangu mimi akili, si yako wewe. Kaa chini!"

"Kaa chini," akasema Pasta Githongo.

"Kaa chini," akasema Sheryl, kwa ile sauti yake ya kuamrisha wanasesere.

Kigoda kikapasuka miguu yote minne kwa mpigo. Ikatoka pumzi ndefu, ndefu mno, kama ya mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali akautua, ikapita mlangoni. Joto la saa tisa likaingia ndani kama mgeni wa kawaida.

"Mum," Sheryl akasema, "nataka uji. Na Anti leo hakuruka."

Walikaa sakafuni wote wanne. Lorine alimfunga dadake vidole kwa kitambaa kilichoroweshwa maji baridi, bila kusema pole, lakini akimfunga taratibu sana. Githongo alikuwa amefumba macho, midomo ikienda. Alipoyafumbua alisema, "Hayo maneno, utaniandikia," na hakumtazama mtu.

Simu ya Lorine ilikuwa ikitetemeka kwenye kochi bila kukoma. Amina. Amina. Tumesoma mum Sheryl, tunakemea. Nimewasomea watoto kwa sauti wajue adui. Kitu cha ajabu hicho kitabu, nimefika hapo kwa jicho nikaacha.

Nanjala akazisoma, moja baada ya nyingine, na mgongo wake ukaanza kupoa.

"Lo. Ulipiga picha page ngapi?"

"Moja tu. Nani angesoma zote?"

"Na group ziko na watu wangapi?"

Nje lori la mchanga lilikuwa limefika getini na dereva anapiga honi. Alipiga mara moja, mara mbili, akailalia hadi madirisha ya court yakatetemeka. Musila alikuwa amesimama hatua tatu mbele ya lori, ameligeuzia mgongo, simu mkononi, akitazama kioo chake kwa utulivu. Musila anayesikia paka. Hakugeuka.

Na kando yake, kwenye benchi ya askari, watu wawili waliokuwa wameketi wakainuka wakifunika pua.

Nanjala akasimama. Akachukua kile kilichobaki cha kitabu, akachukua kalamu ya nta ya Sheryl kutoka sakafuni, na juu ya karatasi safi akaandika jibu la sita upya, herufi kubwa, kabla halijamtoka. Akachukua kiti cha meza, cha mbao, kizito.

"Unaenda wapi na mkono hivyo?" Lorine akauliza.

"Kazini."

Alipofika getini alikiweka kiti mbele ya benchi, akakiweka vizuri, kielekee pale palipokuwa patupu. Akamshika Musila mkono akamketisha chini kando yake. Sauti ya mrija ilikuwa imeanza.

"Haya, mzee," akasema, akifungua ukurasa. "Tuanze na jicho. Na leo hakuna mtu ataondoka kabla nimalize."